Mama Mkwe Nyuma ya Goli la Kihanga

Nasikia siku hizi mkienda mpirani mnakalia viti vyenye mito, na bado mnafika mkilalamika kwamba miguu imekufa ganzi. Poleni sana. Mjukuu wangu alikwenda Bukoba kuangalia mechi wiki iliyopita, akarudi kunisimulia mateso ya njiani: basi lilichelewa nusu saa, na redio yake haikushika vizuri. Nilimsikiliza kwa huzuni yote niliyoweza kuipata. Kisha nikamwambia akae nimweleze jinsi sisi tulivyokuwa tukiwafikisha watu uwanjani. Hakukaa, alikuwa na simu ya kushughulikia, kwa hiyo nawaeleza nyinyi mliobaki.

Mimi nilikuwa dereva wa lori la kahawa huku Karagwe kwa zaidi ya miaka ishirini, kuanzia siku za baada ya vita ya Hitla. Nasema Karagwe kwa kuwa wakati ule Kyerwa yote ilikuwa humo humo, hakuna aliyetugawa. Kazi yangu hasa ilikuwa magunia. Lakini msimu wa mpira ukifika, lori lililobeba kahawa Jumamosi lilibeba mashabiki Jumapili, na hakuna aliyeona haja ya kulifagia katikati. Watu walishuka wakinuka kahawa kavu, na kwa baadhi yao hiyo ilikuwa nafuu.

Nikisema uwanja, msije mkafikiria majukwaa na mageti. Uwanja wa Kihanga ulikuwa malisho. Milingoti ya goli ilikuwa miti ya mkaratusi, wavu haukuwepo, na mstari wa pembeni ulichorwa kwa jivu asubuhi ukafutwa na ng'ombe kabla ya mchana. Tena ulikuwa na mteremko, kwa hiyo timu iliyoanza kwa kushambulia upande wa chini ilikuwa imeshapata nusu ya ushindi. Watu walitembea siku nzima kuja kuuona. Nyinyi mkikosa kivuli mnaandika malalamiko.

Udereva nilifundishwa na Mzee Salehe, mtu wa Tabora, mfupi, mwenye sauti ya upole iliyokuumiza kuliko fimbo. Nilikuwa utingo wake miaka minane. Utingo wa siku hizo hakukusanya nauli akining'inia mlangoni na kutafuna bigijii. Alizungusha hendeli mpaka injini iwake au mkono uvunjike, akachota maji bondeni ya kunywesha rejeta, na kwenye kilima alikimbia nyuma ya lori akiwa amekumbatia kabari, yaani gogo la kuzuia gurudumu. Lori likishindwa kupanda, unatupia kabari nyuma ya gurudumu na kuondoa vidole. Nina vidole tisa na nusu, kwa hiyo naijua kazi hiyo vizuri.

Mzee Salehe alikuwa na dawa ya kila kitu. Tangi la petroli likivuja, ulisugua sabuni ya kufulia. Difu, yaani zile gia za ekseli ya nyuma, ikianza kulia, ulitia ndizi mbivu. Msicheke. Ndizi mbivu ikisagika humo pamoja na grisi, meno yanatulia na lori linanyamaza siku mbili tatu. Mara ya kwanza kufanya hivyo peke yangu nilitia ndizi mbichi, kwa sababu nilidhani ndizi ni ndizi. Tukaenda hadi Murongo tukisaga njia nzima, na wafanyabiashara waliosubiri mzigo wa kupeleka Uganda walijua tunakuja kabla hatujavuka kilima cha mwisho. Mzee Salehe hakunigombeza. Alinipa ndizi mbivu moja, akaniambia niile polepole ili nijue tofauti.

Alipokuwa anarudi kwao Tabora, aliniachia usukani na neno moja. "Magunia hayana ukoo," aliniambia. "Unaliweka moja juu ya jingine, basi. Watu wana ukoo. Kabla hujapakia, uliza nani ni nani." Nilimwitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, huku macho yangu yako kwenye usukani. Wiki tatu baadaye nilikuwa nimeshasahau.

Wiki hiyo timu yetu ya Mabira ilikuwa inakwenda kucheza na Kihanga, na mshindi angeondoka na dume la ng'ombe. Tajiri wangu, Ta Rwegasira, yaani Mzee Rwegasira, Mhaya wa Muleba aliyenunua kahawa hapa Mabira, ndiye aliyekuwa mlezi wa timu. Alikuwa Mlutheri wa kweli, hakunywa, hakutukana, na hakusamehe. Alitangulia kwa baiskeli yake siku moja kabla, lakini kwanza aliniita.

"Umekuwa dereva siku ngapi?"

"Wiki tatu, Ta."

"Vizuri. Tukilipoteza dume lile kwa sababu yoyote iliyotoka kwenye lori langu, Jumatatu utarudi kwenye kabari. Na kidole kimoja na nusu bado unacho cha kupoteza bila kulemaa."

Hivyo ndivyo matajiri wa zamani walivyowatia moyo wafanyakazi. Niliondoka asubuhi na watu thelathini nyuma, wachezaji na mashabiki na ngoma mbili, nikiwa nimesafisha hata taa za mbele ambazo hazikuwa zikiwaka tangu zamani.

Mwendo mfupi kutoka Mabira, mama mmoja alisimama kando ya njia na fimbo na kikapu cha ndizi. Mtu mzima, amejitanda shuka safi, rozari shingoni. Nikasimama, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, baba. Mnakwenda Kihanga?"

"Kihanga, mama."

"Nina dada yangu huko, anaumwa mgongo. Nisaidie, waitu, tafadhali."

Mtu mzima kama yule hapandishwi nyuma na ngoma. Nikamkalisha mbele, karibu yangu. Jina lake aliniambia, Ma Adelina. Nani ni nani, sikuuliza. Niliona nimetenda wema, na mtu akishajiona mwema huacha kufikiri.

Kijiji kilichofuata ndicho alichokaa Karoli, golikipa wetu. Bila Karoli hatukuwa na timu, tulikuwa na watu kumi tu waliovaa fulana. Mikono yake ilikuwa mipana kama jembe, na mpira wa ngozi wa siku zile, ambao ukinyeshewa ulikuwa mzito kama boga, aliudaka kama anachuma limau. Tulimkuta ananisubiri njiani, viatu vyake amevifunga kamba na kuvitundika shingoni. Akaja mbio kwenye mlango wa mbele, anacheka, anataka kunipa mkono.

Akaona aliyekaa pembeni yangu.

Sijawahi kumwona mtu akigeuka akiwa hewani, isipokuwa siku ile. Alipotua alikuwa anatazama kwao, na alipopiga hatua ya pili alikuwa ameshazama kwenye migomba. Kiatu kimoja kilibaki barabarani. Nilishuka nikidhani ni nyoka. Kapteni wetu, Petro, akachungulia kutoka nyuma ya lori.

"Dereva, huyo mama uliyempakia ni mama mkwe wa Karoli."

"Mbona hamkuniambia?"

"Sisi tulidhani wewe ndiye dereva, unajua unachopakia."

Nyinyi leo mnakaa na mama wakwe zenu sebuleni mkigombania rimoti, kwa hiyo lazima niwaeleze. Kwetu wakati ule mume wa binti na mama wa binti hawakuonana uso kwa uso. Hawakushikana mikono, hawakukalia kiti kimoja, hawakupeana kitu mkononi. Wakikutana njiani, mmoja aliingia shambani na kugeuza mgongo mpaka mwenzake apite. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na heshima ile ilikuwa na miiba. Wengine walishaanza kuilegeza, hasa waliokwenda shule, lakini nyumba ya Ma Adelina haikuwa miongoni mwao. Mimi ndiye niliyewaandalia wawili hao safari moja kwenye lori moja.

Kumshusha mama mtu mzima njiani lilikuwa jambo ambalo ningesutwa nalo hadi leo. Kumwacha Karoli ilikuwa kurudi kwenye kabari. Nikarudi ndani ya lori kutafakari. Ma Adelina alikuwa ameshusha shuka hadi kwenye nyusi, anatazama mbele kama mtu aliye kanisani.

"Kuna tatizo, baba?"

"Hakuna, mama. Golikipa amesahau soksi."

"Kwa soksi tu ndiyo anakimbia hivyo?"

Nilikwenda na Petro tukamtafuta Karoli kwenye migomba, tukamkuta amekaa nyuma ya shina. Alisema hapandi. Tukambembeleza, tukamtaja dume, tukamtaja Ta Rwegasira, mwisho mimi nikamwonyesha kidole changu cha nusu na kumwambia kwamba kingine kiko mikononi mwake. Huyo alikuwa mtu mwenye huruma. Alikubali kwa sharti kwamba asionekane, basi tukamvika turubai la kufunikia kahawa, tukamwongoza kama kipofu na kumlaza nyuma kabisa. Dirisha dogo lililo nyuma ya dereva nikaliziba kwa gunia.

Kilima kilikuwa mbele. Lori lile likipanda na watu ndani, watu hao waliacha wosia kwanza. Abiria wote walishuka wakasukuma. Nilimwomba Ma Adelina ashuke wa kwanza na kutangulia, na alipopotea kwenye kona ndipo nilipopiga honi, turubai nalo likashuka na kuanza kupanda mlima kwa miguu miwili. Waumini waliokuwa wakitoka kanisani waliliona likipita. Hawakuuliza kitu. Waliamkia tu, na turubai likaitikia.

Tulifika Kihanga refa akiwa ameshaweka filimbi mdomoni. Karoli alivuka uwanja mzima akiwa ndani ya turubai lake, akalivua golini, watu wa Kihanga wakashangilia wakidhani ni uganga. Ta Rwegasira alinitazama mara moja, akatazama saa yake, akaitikia kwa kichwa. Nilihisi vidole vyangu vimeongezeka.

Nikamgeukia Ma Adelina nimwonyeshe njia ya kwa dada yake.

"Mgongo wa dada yangu umeshazoea kuuma," alisema. "Utasubiri. Nataka kuuona huo mpira."

Hapo sasa ndipo nilipoonyesha akili zangu. Nilijiuliza: ni mahali gani kwenye uwanja ambapo golikipa hamtazami mtu? Ni nyuma yake. Golikipa hutazama mbele, mgongo wake uko kwa walio nyuma ya goli. Desturi yenyewe inataka mgongo. Nikamchukulia mama kigoda kwa wenyeji, nikamkalisha nyuma ya goli letu hatua kumi, na kikapu chake. Nilijiona msomi. Jambo moja tu sikulikumbuka: mpira ukipita goli, anayeufuata ni golikipa.

Na ulipita. Mshambuliaji wa Kihanga alipiga shuti likaenda nje, likadunda, likatulia kwenye kikapu cha Ma Adelina juu ya ndizi. Karoli akageuka kuufuata. Alisimama kama aliyekanyaga msumari, akafunika macho, akageuza mgongo. Naye mama, kwa adabu ile ile, aliinuka akageuza wake. Wakawa wamesimama hivyo, migongo miwili na mpira katikati. Refa, karani mmoja wa Bukoba mwenye soksi ndefu, alikuja akipiga filimbi.

"Golikipa, unapoteza muda."

"Waitu bwana refa, yule ni mama mkwe wangu."

"Naijua shida yako, nami ni mtu wa huku huku," refa alisema. "Lakini kitabu cha sheria hakina mama mkwe."

Petro ndiye aliyekwenda kuutoa mpira kwenye ndizi. Tangu hapo Karoli hakuwa Karoli. Ikaja kona. Golikipa kwenye kona hukaa ubavu, na kwa pembe ya jicho lake alikuwa anamwona. Mpira ulikuja juu, mrahisi, wa kudakwa na bibi arusi. Karoli aliinua mikono yote miwili, sote tukapumua, na kwa mikono hiyo akajifunika uso. Mpira ulimpita begani na kuingia. Kihanga moja, heshima moja, sisi bila.

Mapumziko yalipofika, Ta Rwegasira alivuka uwanja taratibu, mikono nyuma.

"Nani amemweka yule mama pale?"

Timu nzima ilininyooshea kidole. Umoja wa wachezaji ni kitu kizuri sana.

"Basi," aliniambia. "Jumatatu."

Nilikwenda kumchukua Ma Adelina nimpeleke mbali, na sitaficha, nilikuwa na machozi. Miaka minane ya kukimbia nyuma ya lori, kisha wiki tatu za usukani, na sasa kabari tena. Alinitazama.

"Mimi ndiye niliyewaharibia, mwanangu."

"Hapana, mama. Ni mimi niliyekuweka."

"Wanabadilisha magoli sasa?"

"Ndiyo, mama."

"Nipeleke nyuma yake tena, kule anakokwenda."

Nilidhani jua limemzidi. Lakini alikuwa ameshaanza kulifungua shuka lake, akalitandaza kichwani, likamfunika uso, mabega, hadi magotini. Chini yake sauti ilitoka imetulia kabisa.

"Mwambie huyo kijana kwamba hapa kuna mzigo tu. Mzigo haumwoni mtu."

"Na wewe, mama, utaona nini?"

"Wewe una macho. Utaniambia."

Nilimwambia Karoli. Alichungulia kwa vidole, akaliona shuka, akavuta pumzi, akaingia golini. Nami nikaketi chini kando ya mzigo wangu na kuanza kazi ambayo leo vijana wanaifanya redioni kwa makelele. Sikuijua. Nilisema Petro kachukua, kampa mwingine, yule mwingine kaanguka. Yeye alikuwa na swali moja.

"Na kipa?"

"Amesimama, mama."

"Na sasa?"

"Ameudaka."

"Kwa mikono miwili?"

"Yote miwili, mama. Uso uko wazi."

Sasa mteremko ulikuwa wetu. Tukapata moja, na baadaye kidogo, Petro akapata la pili kwa goti, bila kukusudia, ingawa hadi anakufa alisema alikusudia. Muda ukawa unakwisha. Ndipo beki wetu alipoona vema kuushika mpira kwa mkono mbele ya goli letu, mchana kweupe, na refa wa soksi ndefu akanyoosha kidole. Penalti.

"Mbona wamenyamaza?" mama aliuliza.

"Wanampigia Karoli, mama. Yeye peke yake na mpigaji."

Shuka halikutikisika. Nilimwona Ta Rwegasira pembeni amevua kofia. Mpigaji alikuja, akapiga chini, upande wa kulia, na Karoli akaruka.

"Ameuangukia," nilisema. "Ameukumbatia, mama. Hautoki."

Chini ya shuka vikapigwa vigelegele, virefu, vya mtu mmoja, kabla uwanja haujaanza kupiga kelele. Karoli alikuwa bado chini na mpira. Alivisikia. Hakugeuka, asingeweza kugeuka, lakini aliinua mkono mmoja juu, mgongo wake ukiwa kwetu, akaushikilia hivyo mpaka refa akamhimiza aendelee.

Ta Rwegasira hakuniambia chochote kuhusu Jumatatu. Alikuja tu kuniuliza kama difu inalia, na mtu hamuulizi utingo habari za difu. Nikajua usukani ni wangu.

Tulirudi jioni hiyo hiyo, dume limefungwa nyuma, na Karoli pembeni yake ndani ya turubai. Mfungaji wa goli la goti aliimbiwa njia nzima. Shujaa wa siku alikuwa anakanyagwa na ng'ombe wake mwenyewe kwa ajili ya heshima. Mbele tulikuwa wawili, mimi na Ma Adelina.

"Mama, hukwenda kumwona dada yako."

"Dada yangu alikufa mwaka wa nzige," alisema. Akapanga ndizi zake kikapuni. "Kila nyumba ninayoingia wanamsifu yule kijana. Amedaka hivi, ameruka vile. Mimi nimempa mwanangu, na ninachokijua kwake ni visigino vikiingia shambani. Leo angalau nimeona mgongo." Akanigeukia. "Yukoje usoni, baba?"

Nimeulizwa mengi kwenye usukani, lakini si hilo. Nikapunguza mwendo. Nikamwambia kwamba masikio yake ni makubwa na yamechanua. Kwamba ana mwanya hapa mbele. Kwamba akicheka, jicho la kushoto hufumba kabla ya la kulia, kama mtu anayekonyeza.

"La kushoto?"

"La kushoto, mama."

"Na mwanya."

"Na mwanya."

Tukashuka kilima chote. Kisha nikamsikia anacheka peke yake, polepole, amejishika kifua.

"Mjukuu wangu wa kwao ana miaka miwili, mwanya huo huo, na jicho hilo hilo la kushoto," alisema. "Kumbe muda wote huu nambeba mgongoni."